Boi Mwenye Mvi

Haya niliyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwa kaunta kwa mpiga chapa, hapa hapa Tabora. Mhariri wa gazeti la wanafunzi wa zamani wa shule moja, karani wa reli mwenye mvi, alikuta jina la gazeti kwenye jalada, "Tuliosoma Pamoja", limekatwa kwa mstari. Mwalimu mkuu, Mzungu, aliyesimama pale pale kaunta, alikuwa ameandika juu ya jina hilo kwa kalamu nyekundu: "Maboi wa Zamani."

"Bwana, boi ni yule anayekufulia na kukupikia," akasema mhariri. "Sisi ulitufundisha kusoma."

"Kwetu Ulaya waliosoma shule moja ndivyo tunavyoitwa, "Old Boys". Hata mimi ni boi wa zamani. Jina hilo, au gazeti halitoki."

"Vyema." Mhariri akamsogezea ukurasa wa salamu za mwalimu mkuu kwa wasomaji. "Basi chini ya jina lako, Bwana, andika: Boi wa Zamani. Ukiandika, nami nachapa."

Mwalimu akakohoa, akaitazama kalamu, akaiweka chini.

Gazeti likatoka na jina "Tuliosoma Pamoja", ninalo nyumbani. Mimi niliishia darasa la pili, lakini tafsiri ya siku ile naweza kumfundisha yeyote. Kikohozi tu nimekitia mwenyewe. Kalamu aliiweka chini kweli.