Tawi la Upande wa Mto

Nilipokuwa chuo cha ualimu, miaka ya themanini, nilichora picha ya mkuyu mmoja umesimama peke yake, na nyuma yake mawingu meusi ti, mvua bado haijashuka. Mwalimu wa sanaa alinisifu. Nikaipeleka nyumbani Zombe kwa maringo, nikaitundika sebuleni.

Susu, nyanya yangu mzaa baba, aliitazama kwa makini. Mti aliujua. Ndio ule wa ithembo, mahali wanawake wazee walipokuwa wakimwaga maziwa kuomba mvua, naye alikuwa mmoja wao kabla hajaokoka. Baba, mzee wa kanisa, aliukata kwa shoka lake mwenyewe nikiwa na miaka sita, waumini wakiimba.

Mwaka huo mvua ilikataa kabisa. Asubuhi moja nikakuta maziwa yamemwagwa sakafuni, chini ya picha. Kesho yake, tena! Niliogopa sana. Kanisa likijua, susu angetengwa, na aliyetengwa alizikwa bila wimbo hata mmoja. Hilo susu alilihofia kuliko njaa. Nikamgombeza, mimi mjukuu.

"Susu, unataka kuzikwa kama mbwa?"

"Maziwa nitatoa wapi, wewe? Mbuzi wangu wamekauka. Ng'ombe anatoa kikombe kimoja, na hicho ni cha baba yako."

Sikumwamini. Nikapiga deki kwa hasira. Baba alikuwa mezani akinywa chai ya turungi, akidai tumbo lake siku hizi halitaki maziwa.

Jumamosi wazee wa kanisa walikuja kwa maombi kabla sijawahi kupangusa. Maziwa yalikuwa pale pale, nzi wamejaa juu yake. Mmoja akamkazia susu macho, akauliza hiyo ni kazi ya nani. Jamani, nilitamani ardhi inimeze.

"Ni yangu," baba akasema.

Walimvua uzee wa kanisa siku hiyo hiyo. Walipoondoka, susu alilia, akamlaumu kwa kujitwika uongo kwa ajili yake.

"Mwaitu, sijadanganya," baba akamjibu mama yake. Kisha akanigeukia. "Na wewe, umesahau tawi la upande wa mto. Lilikuwa nene. Ndilo lililonisumbua kukata."

Akaniomba niliongeze. Nikalichora, naye amesimama nyuma yangu, kofia mkononi.