Pini Mdomoni

Fundi wa cherehani hufanya kazi na pini mdomoni. Tangu daktari amwambie kwamba mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo wake inazidi kusinyaa, huwaringia wateja kuwa maradhi kama yake hayampati kila mtu. Kwamba aliambiwa pia aache sigara, apunguze chumvi na ameze dawa ya presha kila siku, hilo hulitaja mkewe, anayeshona vifungo kando yake. Chumvi amepunguza, dawa anameza. Sigara huzificha ndani ya kopo la vifungo, na akirudi kutoka kuvuta nyuma ya duka hubana pini midomoni upesi, mke asije akamsogelea na kumnusa.

Leo alikuwa akimpima mteja kiuno, pini zikamdondoka.

"Baba, pini," mkewe akasema.

Akaziokota, akazibana, zikadondoka tena. Akajitazama kwenye kioo: mdomo umeenda upande. Punde ukarudi mahali pake, lakini mkewe alikuwa ameshachukua mkoba.

"Twende hospitali."

Fundi hakubisha. Akamkabidhi kopo. "Humu mna sigara, mama."

"Najua. Vifungo nashona mimi."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nilikuwa nangoja unipe mwenyewe. Vaa viatu."