Dirisha la Madamu Afkar

Madamu Afkar Abdulmaula hakuwa mwalimu. Wanaomkumbuka siku hizi humwita mwalimu, nami huwakatiza. Alikuwa karani kama mimi, mwenye stashahada ya biashara, na kwa miaka ishirini na sita alikaa nyuma ya dirisha la wanafunzi katika chuo chetu huku Saidi, kusini mwa Misri, akipokea fomu na kupiga mihuri. Meza yangu ilikuwa ubavuni mwa yake. Alichofanya nilikiona, na hilo ndilo linaloniuma.

Kazi ya kuwasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza hakupewa na mtu. Aliichukua mwenyewe, baada ya kuwaona kila mwaka wakija na macho mekundu kuomba fomu za kuacha masomo. Hawakuwa wajinga hata kidogo. Huku kwetu mtoto akipata alama nyingi sekondari, sharti aende kwenye kitivo kinachodai alama nyingi, yaani udaktari, kwa sababu kwenda kwingine ni kuzitupa alama mtoni. Siku ya matokeo mtaa mzima unaanza kumwita Daktari, naye hajashika hata bomba la sindano. Akiingia darasani anakuta vitabu vya Kiingereza, anameza kurasa mia nne bila kuelewa tatu, kama alivyozoea kumeza vya sekondari. Jaribio la kwanza linamwangusha, naye anajificha bwenini. Madamu Afkar akimpata humwambia, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Lete hilo daftari."

Saa saba mchana, foleni ikishakatika, alitandika gazeti mezani, akamwaga fungu la mulukhiya na kuanza kuchambua majani ya chakula cha nyumbani. Wakubwa walikuwa wamechoka kumkataza. Mwanafunzi akaketi mbele yake.

"Funga daftari. Nieleze mimi niliyesoma biashara."

"Figo ni chujio, Madamu."

"La chai au la unga?"

"La chai."

"Basi yale makapi yanayobaki juu ndiyo mkojo?"

"Hapana! Yanayobaki juu... ngoja kidogo, Madamu."

"Hujaelewa, umekariri. Nenda kaelewe, kesho urudi. Na hiyo mikono umeiweka pambo? Chambua!"

Basi waliondoka na vidole vya kijani, na wengi walifaulu. Tena alimpa kila mmoja karatasi tupu aandike Jumanne yake atakapofika miaka thelathini: ameamkia wapi, mbele yake yupo nani, mkononi ameshika nini. "Usiniandikie cheo," aliwaonya. "Vyeo nimevipigia mihuri mpaka vimenichosha. Niandikie siku."

Alikuwa na hila moja zaidi, na hii ni yetu sisi makarani. Mtu akija kwa hasira au kilio, ametoka kuanguka jaribio, anataka kujitoa chuoni, Madamu Afkar alimwambia muhuri umefungiwa kwa mkurugenzi, rudi kesho. Muhuri upo pale pale chini ya mulukhiya! Wanane katika kumi hawakurudi, au walirudi na daftari. Sisi wengine tunasema rudi kesho kwa uvivu. Yeye aliisema kwa huruma. Nilikuwa nikicheka, na kusema kweli nilimwonea fahari.

Mwaka ule akaja Radi Shazli, mtoto wa mkulima wa miwa kutoka Nagaa Tawila. Kijana mrefu, mpole, wa mwisho darasani katika majaribio yote mawili. Madamu Afkar alimpenda tangu siku ya kwanza, pengine kwa sababu alichambua mulukhiya bila kuambiwa. Alimfunza miezi miwili mfululizo. Mifupa ya mkono ilimshinda, ikamshinda, hatimaye akaieleza yote huku daftari limefungwa, na jaribio la tatu akawa wa kumi na nne. Mama yule alitembea ofisi zote akitangaza kama aliyejifungua.

Jumanne yake Radi aliiandika hivi: "Nimesimama shambani asubuhi. Nimeshika muwa uliooza ndani. Najua kwa nini umeoza, na mwenye shamba anangoja nimwambie." Madamu Afkar alinisomea, akatabasamu. "Maskini, amekumbuka nyumbani," alisema, akaitia karatasi mtotoni mwa meza.

Siku ya Jumatano, mwezi wa kwanza, Radi alisimama dirishani na fomu ya kuhamia kitivo cha kilimo. Saini ya baba ilikuwepo. Aliipata baada ya majuma saba ya ugomvi, na mjomba wake ndiye aliyesimama katikati. Mwisho wa kuhama ulikuwa Alhamisi, saa nane.

"Nini hiki?" Madamu Afkar aliuliza.

"Nahama, Madamu."

"Wa kumi na nne unahama? Kwenda kwa watu walioingia kwa alama za huruma?"

"Nafaulu, Madamu, lakini sitaki. Nimekueleza mara mbili."

Alimtazama sana. Mkono wake ulikuwa juu ya muhuri, mimi nauona. Akasema, "Muhuri upo kwa mkurugenzi. Rudi Jumapili."

"Si wamesema mwisho ni kesho?"

"Nani? Hao wa mkahawani? Mwenye dirisha ni mimi, mwanangu. Jumapili."

Alishukuru, akaenda zake kupanda gari la kijijini. Nilikuwa na bilauri ya chai mkononi. Nilikunywa.

Jumapili, ambayo huku kwetu ndiyo siku ya kwanza ya kazi, Radi alikuja na baba yake. Mzee Shazli alivaa kanzu safi iliyopigwa pasi, kwa kuwa alitaka aone kwa macho yake mtoto akiandikwa. Madamu Afkar aliwaambia kwamba kuhama kumefungwa tangu Alhamisi. Alilisema akitazama karatasi zake.

Radi hakupaza sauti. Aliketi kwenye benchi la ukumbini akaweka viganja juu ya magoti, na uso wake ulikuwa umezimika. Nimeona vijana wengi wakilia dirishani pale na nimewasahau. Ule uso sijausahau.

Baba yake ndiye aliyefurahi, masikini ya Mungu, akijaribu kuificha furaha asimwumize mwanawe. Alimwekea mkono begani.

"Basi, Daktari. Mimi nimetia saini, sijakuzuia, eti? Mungu mwenyewe amefunga. Utashindana na Mungu? Sema alhamdulillahi tuondoke."

"Alhamdulillahi," Radi alisema.

Hapo Madamu Afkar akasimama. Alitoka nje ya dirisha, jambo asilolifanya saa za kazi, akaenda mpaka kwenye benchi.

"Si Mungu, mzee wangu. Ni mimi. Muhuri ulikuwepo. Nilijua mwisho ni Alhamisi, nikamdanganya makusudi."

Mzee Shazli alimwangalia, kisha akaangalia huku na huku kama kuna anayesikia.

"Umemtendea wema, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Nyamaza. Limekwisha hilo."

"Halijakwisha. Nitaandika."

"Nakuomba kwa wanao, nyamaza! Mji mzima unamwita Daktari."

"Mwite unavyotaka, mzee. Lakini usimsingizie Mungu uongo wangu."

Radi alikuwa ameinua kichwa. "Ulinidanganya?" aliuliza. "Wewe?"

"Mimi, mwanangu. Uliniomba muhuri, mimi nikakuchagulia maisha. Nisamehe."

Radi aliinuka, akatoka nje peke yake.

Mkurugenzi wetu hakuwa mtu mbaya. Alimwita ofisini, akafunga mlango, akamsihi aandike kwamba muhuri ulipotea siku mbili, au kwamba fomu ilichanganyika na nyingine, makosa ya ofisi, yanatokea. Kijana angepata nafasi yake na hakuna ambaye angeumia. Madamu Afkar aliandika kwamba alisema uongo. Alibakiza miaka miwili astaafu, na tangu aajiriwe hajawahi kupata hata barua ya onyo. Kamati ilikaa. Siku ya kumi na moja Radi akahamishiwa kilimo, na Madamu Afkar akaondolewa dirishani, akapelekwa ghala la majalada, chini kabisa, pasipo na mwanafunzi.

Alikaa huko mpaka alipostaafu. Kila saa saba nilimshushia chai. Katika miaka ile miwili Radi hakukanyaga. Nilisikia anafanya vizuri, anazunguka mashambani na mabuti ya mpira, na kwamba baba yake amekubali kwa shingo upande. Mimi nilikasirika kwa niaba ya Madamu Afkar.

"Hata salamu?" nilimwambia siku moja. "Mwanamke umejichoma kwa ajili yake, hata salamu? Hana adabu!"

"Aje kufanya nini, Rizki? Mimi nilimwomba msamaha. Sikumwomba urafiki."

"Haikuumi?"

"Inaniuma sana," alisema. "Lakini ni haki yake."

Alifunga jalada, akafuta vumbi kwa kiganja. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, kama mtu anayeulizia saa:

"Na wewe, Rizki, siku ile ulikuwa hapo unakunywa chai. Ulinisikia. Mbona hukumwambia mtoto wa watu kwamba mwisho ni kesho?"

Nilisema foleni ya juu inaningoja, nikachukua bilauri, nikapanda ngazi. Huu ni mwaka wa tatu tangu aniulize. Nyumba yake naijua, ni mtaa wa pili kutoka kwangu, na bado sijaenda kumjibu.