Hewa Iliyotoa Ushahidi

Kila akiikaribia mizani, mwalimu wa kemia hubana pumzi, asije akaitikisa. Asubuhi hiyo, barazani kwa Kuluthumu, alipima gramu mia za magadi ambayo wateja walidai muuzaji huyo kayachanganya na chaki, akayachoma kwenye sufuria. Magadi safi yakichomwa hutoa hewa, na katika gramu mia hubaki sitini na tatu. Chaki kwa moto ule haipungui. Haya yalibaki sitini na nane, kana kwamba yana chaki. Kuluthumu akaanza kuinuka.

“Subiri, mama, hewa bado inatoka,” mwalimu akasema, kwa sauti ya kumbembelezea mtoto, akayarudisha motoni. Vidole vyake virefu vilikoroga kwa kijiko taratibu. Akapima, akachoma, akapima tena. Sitini na tatu, wala hayapungui tena.

“Safi.”

 Kuluthumu akainua macho kwenye makuti, akiitafuta ile hewa isiyoonekana iliyomtetea.