Laptopu ya Kijani na Jani la Isale

Mpaka leo nikiikumbuka ile wiki napandwa na hasira, wala sioni haya kusema.

Nilikuwa nimefundisha sekondari miaka ishirini na mbili, nikichapa mitihani kwenye kompyuta ya ofisini ambayo walimu tunaipangia foleni. Hatimaye nikanunua laptopu yangu mwenyewe, mpya, kwenye duka moja mjini Moshi. Muuzaji aliziweka tatu juu ya kaunta. Zilikuwa aina moja, ila rangi tofauti: nyeusi, kijivu, na kijani kilichokolea, kama jani la kahawa likishanyeshewa. Nikaishika ya kijani.

"Mwalimu, watu wa ofisini wanachukua kijivu," muuzaji akasema.

"Mimi nachukua hii."

Ilibaki kuwekewa programu, na mimi siku hiyo nilikuwa napanda Mwika, kijijini kwetu, kumwona mama. Nikampigia simu mdogo wangu wa kiume, mwenye gari, nikamwomba aipitie Ijumaa akija.

Ijumaa jioni akaingia na boksi. Nikalifungua mezani mbele ya mama na shangazi, dada wa marehemu baba. Ndani ilikuwa ya kijivu.

"Wamekosea," nikasema.

"Hawajakosea, dada. Nimebadilisha mimi. Ile ya kijani ilikuwa kama ya watoto wa chuo, na wewe ni mwalimu mzima. Halafu hii haionyeshi uchafu."

Haionyeshi uchafu! Hayo maneno nimeyasikia tangu nijue kusikia. Baba alininunulia viatu vya kahawia nilipokuwa naota vyekundu, kwa sababu vya kahawia havionyeshi udongo wa kwetu. Nyumba yangu ilipakwa rangi ya matope nikiwa nimesafiri kusahihisha mitihani, na mume wangu akanionyesha ukuta kwa furaha, akitegemea nimshukuru. Nikamshukuru! Hicho ndicho kinachoniuma kuliko vyote.

"Si inafanya kazi ileile?" mama akauliza.

"Kwani hiyo kijani ina nini?" shangazi naye.

Walitaka sababu, na mimi sikuwa nayo. Niliipenda tu. Nilimtolea mdogo wangu maneno ambayo sitayaandika hapa, kisha nikaenda jikoni kumenya ndizi za mtori, nikamenya hadi vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Sikula.

Asubuhi yake, tukiwa tunakunywa chai, mdogo wangu akatokea mlangoni ameshika jani la isale kwa mikono miwili.

Kwa asiyetujua: isale ni ule mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba vyetu, mashamba ya ukoo. Anayekuletea jani lake anakuomba msamaha, na huwezi kulikataa. Babu yetu alilipokea kutoka kwa watu waliomwaga damu ya ndugu yake. Ni jani la mambo mazito namna hiyo. Na huyu bwana mkubwa alikuwa amelichuma uani, hatua kumi kutoka jikoni, kwa sababu hakutaka usumbufu wa kurudi mjini.

"Dada, nisamehe," akasema, na macho yake yalikuwa kwa shangazi.

Wote wakanigeukia. Mama alikuwa ameshaweka kikombe chini, na nikaona kwamba nikisita hata kidogo, mkosaji nitakuwa mimi. Nikalipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

"Yameisha," shangazi akasema. "Mmiminie mwenzako chai."

Nikammiminia. Alipomaliza nikabeba boksi.

"Nimekusamehe. Sasa washa gari twende dukani kabla hawajafunga."

"Dada! Si umepokea isale?"

"Nimepokea. Washa gari."

Shangazi akasema sina adabu, kwamba msamaha haufanywi hivyo. Inawezekana. Tuliteremka hadi Moshi, mimi nimepakata boksi.

Muuzaji aliifungua laptopu, akaiwasha, akaizima.

"Ina tatizo gani?"

"Haina. Nataka ile niliyochagua."

"Ile ya kijani imeondoka jana hiyohiyo. Nyingine mpaka tuagize, kama wiki tatu."

Mdogo wangu akashusha pumzi. "Umeona? Chukua hii, dada, twende. Utakaa wiki tatu bila laptopu kwa ajili ya rangi?"

Nilikuwa na mitihani ya vidato viwili ya kuchapa. Foleni ya ofisini naijua. Nikaisukuma ile ya kijivu mpaka ng'ambo ya kaunta.

"Agiza," nikasema.

Muuzaji akatoa kitabu cha oda. Akaandika aina, akaandika namba yangu ya simu. Alipofika kwenye rangi aliinua kalamu, akamtazama mdogo wangu.

"Kaka, tuandike rangi gani?"

Mdogo wangu akafungua mdomo. Nikaipiga ile kaunta kwa kiganja mpaka wateja wengine wakageuka.

"Mimi niko hapa," nikasema. "Niulize mimi."

Muuzaji akanigeukia.

"Samahani, mama. Rangi gani?"

Sikumjibu upesi. Nilimwacha asubiri.