Begi Jekundu Nililolipokea Kwenye Ukungu

Kwanza ujue mimi sinywi. Ulizia Karatu yote, kuanzia stendi mpaka mnadani, watakuambia yule mwenye duka la mabegi hata bia ya harusi haigusi. Wala sikuwa na homa siku hiyo, wala sikusinzia kwenye usukani. Haya ninayoandika niliyaona kwa macho haya haya, na shahidi wangu ni mkono wangu wa kulia, ambao mpaka leo ukishika kikombe cha chai ya moto hausikii kitu. Ukiamini, sawa. Usipoamini, nakuomba usome tu mpaka mwisho, kwa sababu siku moja na wewe utasafiri.

Shule niliishia darasa la nne. Nilianza kwa kushusha magunia ya vitunguu vya Mang'ola kwenye malori, nikahamia kubeba mizigo ya abiria stendi, nikajifunza kushona zipu nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Leo nina duka la mabegi lenye vioo na Land Cruiser, ya zamani ndiyo, lakini ni yangu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Na wazungu waliotoka huko kwao na ndege mbili wanaingia dukani kuniuliza mimi: begi gumu au begi laini?

Jibu langu lilikuwa hivi. Kama unakwenda Serengeti na hizi ndege ndogo, chukua laini. Tumbo la ndege ndogo ni finyu, na begi la ganda gumu halikunjiki, rubani atalikataa mbele za watu. Ndiyo maana wageni wanakodi kwangu mabegi ya kitambaa na kuniachia yale magumu stoo mpaka warudi. Lakini kwa ndege kubwa? Gumu! Begi gumu ni la mtu anayejiheshimu. Halilowi, halichaniki, na hakuna anayejua umebeba nini. Laini ni limbea. Ukiweka kiatu linaonyesha kiatu, ukiweka sufuria linaonyesha sufuria. Nilisema hivyo miaka yote, na watu walinisikiliza.

Sasa mwanangu wa kwanza, Paskalina, alipata nafasi ya kwenda India kusomea uuguzi. Ukoo wetu mzima hakuna aliyewahi kupanda ndege. Nyumbani ukazuka ubishi, na ubishi wenyewe ulikuwa begi.

"Baba, hili laini lina mifuko ya nje," Paskalina akasema, "na likijaa linatanuka."

"Mtoto wa mwenye duka la mabegi aende Ulaya na kitambaa?"

"India, baba."

"Ndiyo hiyo hiyo."

Mama Paska alikuwa anachambua maharage, hakuinua uso. "Baba Paska, mtoto anaenda kusoma. Begi lako haliendi kufanya mtihani."

Nikashinda mimi, kama kawaida. Nikatoa bora kuliko yote dukani. Jekundu, linang'aa kama gari jipya, magurudumu manne, kufuli la namba. Namba nikaziweka mwenyewe. Na kwa kuwa siku hiyo nilikuwa na mabegi laini ya kupeleka kwenye hoteli moja juu kabisa, ukingoni mwa kreta, nikalipakia na hilo jekundu. Kwa nini? Niseme tu ukweli, nilitaka kuwaonyesha madereva begi la binti yangu anayepanda ndege. Wewe usingefanya hivyo? Wakati wa kulipakia nikalikwaruza kidogo karibu na tairi. Ukumbuke huo mkwaruzo.

Kule juu walilishangaa sana. Dereva mmoja akaligonga kwa ngumi. "Mzee, hili hata tembo akikaa juu linamcheka!" Nikafurahi. Nikanywa chai, nikaaga, nikashuka. Ilikuwa jioni, jua bado lipo mahali fulani, lakini ukungu ulikuwa umepanda kutoka kreta na kumeza barabara ya msituni. Aliyepita msitu ule anaujua ukungu wake. Unawasha taa, ukungu unakurudishia mwanga wako usoni. Unaendesha kwa kukumbuka, huoni.

Kwenye kona moja nikamwona mwanamke.

Elewa kwamba pale mtu hasimami kwa miguu. Kuna nyati, kuna chui, na askari wa hifadhi hawaruhusu. Lakini alikuwepo, amejifunga kitenge, ana sweta na mtandio kichwani, umri wa kama binti yangu. Pembeni yake begi. Nikawaza, huyu ni mfanyakazi wa hoteli, lifti yake imeharibika, nikimwacha ataliwa. Nikasimama, nikashusha kioo, na kwa mazoea nikasema, "Marahaba."

Nilishaitamka ndipo nikagundua kwamba hakuwa ameniamkia.

Sisi tulivyolelewa, mwenye mzigo anapokelewa kwanza, maswali yanafuata. Hata adui yako akifika mlangoni na mzigo unampokea. Nikashuka. "Pole na baridi, mwanangu. Lete nikupokee."

Akatabasamu kama mtu aliyesubiri neno hilo kwa muda mrefu sana. Akaliachia begi kabla sijalikamata vizuri, na bega langu likashuka. Mimi ni mbeba magunia, ninaujua uzito. Ule haukuwa wa nguo. Nililiinua kwa kuuma meno, nikalisukuma nyuma ya gari kando ya la Paskalina. Yalikuwa mapacha. Jekundu na jekundu, magurudumu manne na manne. Hata ule mkwaruzo karibu na tairi ulikuwepo kwenye yote mawili.

Nikajipa moyo kwamba viwanda vinatengeneza mengi yanayofanana. Nikaingia ndani, tukaondoka.

Baridi ya kule unaijua? Pumzi yangu ilikuwa inatoka kama moshi wa jiko. Kioo cha mbele kikajaa ukungu wa pumzi, nikawa nafuta kwa kitambaa. Nafuta, kinajaa, nafuta. Halafu nikaona kwamba ninafuta upande wangu tu. Upande wake kioo kilikuwa kikavu, safi, kama hakuna mtu anayepumua pale. Nikamtazama mdomo. Hakuna moshi. Mtandio wake ulikuwa mkavu pia, na nje kulikuwa na manyunyu.

Tukafika kwenye geti la hifadhi. Nikasema moyoni, Mungu mkubwa, hapa kuna watu, nitamshusha. Askari akaja na tochi yake, akamulika ndani, akamulika kiti cha pembeni yangu, moja kwa moja kwenye uso wa yule mwanamke.

"Mzee, mbona leo uko peke yako? Na mkanda wa kiti kitupu umeufunga wa nini? Unambeba nani?" Akacheka.

Ningemwambia nini? Mwanamke aliniangalia tu, ametulia, mikono mapajani. Askari akainua kizuizi. "Haya, safari njema. Usisinzie."

Nikavuka geti naye. Nakuambia ukweli, nilitamani kuruka nikaliacha gari liende lenyewe.

Ndipo akaongea kwa mara ya kwanza. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi.

"Baba, kwa ndege kubwa ni gumu au laini?"

Unajua nilijibu? Mdomo wa mfanyabiashara hauna akili. Ukajibu wenyewe, "Gumu. Hakuna anayejua kilichomo."

"Ndiyo maana nimechagua gumu," akasema. "Nimesimama pale siku nyingi. Magari yanapita, wengine wanasimama, lakini hakuna aliyenipokea mzigo. Wewe umenipokea. Mwanao akisafiri nalo, nami nitakuwa nimefika."

"Na mwanangu?"

"Kona haiwezi kubaki tupu, baba. Mmoja akienda, mmoja anasimama. Paskalina atanisimamia."

Sikuwa nimemtajia jina la mtoto wangu.

Tulipofika kwenye mashamba ya kahawa akasema nimshushe. Nikakanyaga breki nusura injini izime. Sikushuka, sikugeuka, nilishika usukani kwa mikono miwili. Nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa, kisha magurudumu ya begi yakizunguka kwenye lami. Krrr, krrr, krrr. Yalikuwa yanarudi juu, kuelekea msituni. Niliondoka na mlango wa nyuma ukiwa wazi, unapigapiga.

Nyumbani nikakuta begi moja limebaki.

"Asante baba, umelirudisha," Paskalina akasema, akaliwahi. "Nimeshapanga nguo kitandani." Akalivuta, likakataa. "Umeweka mawe?"

"Usiliguse!" Nilimpigia kelele ambayo hajawahi kuisikia kwangu. Akaliachia, macho yamemtoka.

Nikajaribu namba zangu, kufuli halikufunguka. Mama Paska akaja, akaniangalia usoni, akaniambia tukalipime. Dukani, ambako ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, kuna mzani wa kuning'iniza ninaowapimia wageni mizigo. Nikaliinua kwa mikono miwili, jasho linanitiririka, nikalitundika kwenye ndoano. Mshale haukusogea. Sifuri! Begi lililonivunja mgongo lilikuwa linaning'inia pale kama puto, linazunguka polepole. Mama Paska akaligonga ganda kwa kidole, mara moja, ko.

Ndani kikagonga mara moja. Ko.

Mke wangu si mtu wa kupiga mayowe. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, akaanza kusali kwa Kiiraqw. Nikamweleza yote, na Paskalina akiwa mlangoni anasikia. Nilipomaliza, mke wangu akauliza, "Ulimpokea kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Basi utaurudisha mzigo kwa mkono huo huo. Aliyepokea ndiye anayerudisha. Usimtume mtu, usiutupe njiani akauokota mwingine."

Nilisema tulichome moto. Akasema, "Halafu aliyemo ndani akitoka, atakaa wapi?"

Hatukulala. Begi liliachwa kwenye ndoano, na kila tulipotulia tulisikia ko. Alfajiri nikalishusha, nikapanda nalo. Getini alikuwepo askari yule yule. "Mzee, leo tena? Na jana ulikuwa unaongea na nani? Nilikuona unavyoondoka, midomo inacheza." Nikamwambia naimba kwaya.

Kwenye ile kona ukungu ulikuwa mzito kuliko wa jana. Nikazima gari. Hakukuwa na ndege aliyelia. Nikashuka, nikalinyoosha begi mbele yangu kwa mkono wa kulia, bega linataka kukatika, nikafumba macho. Nikasema, "Nilikupokea mzigo bila kukuuliza jina. Nimekurudishia. Mwanangu haendi nao."

Nikalisogeza begi mbele zaidi.

"Chukua mzigo wako, mama. Tafadhali."

Nikasikia vidole juu ya vidole vyangu. Baridi yake siwezi kukuelezea. Vikakaa pale, havivuti, havisukumi, kama mtu anayewaza. Halafu karibu kabisa na sikio langu, bila pumzi, sauti ikasema, "Basi wewe nipe kidogo tu." Mzigo ukatoka mkononi. Kitu kikapita kifuani mwangu kama mtu anavuta uzi, na kikaisha. Nilipofumbua macho hakukuwa na mtu wala begi, si lake wala letu.

Paskalina alisafiri na begi laini, la kitambaa cheusi, lina mifuko ya nje. Kila nguo aliipanga mwenyewe, mama yake akiwa amekaa pembeni anaangalia. Uwanjani wakamuuliza kama mzigo kaupanga mwenyewe na kama kuna mtu kampa kitu ambebee. Alijibu bila kuogopa. Akafika salama, akapiga simu. Tukacheka, tukalia. Halafu akasema, "Baba, ila pale mabegi yanapozunguka, niliona jekundu kama lile. Hata mkwaruzo lilikuwa nao. Lilizunguka mpaka watu wakaisha, hakuna aliyelichukua."

"Ulilishika?"

"Hapana, baba. Nilikimbia."

Kwa hiyo kuna mtu alimpokea yule mwanamke mzigo baada yangu. Madereva wa msitu ule wananiambia kwamba siku hizi pale konani, ukungu ukishuka, anaonekana kijana wa kiume mwenye jaketi la bluu, mikono mitupu, anatazama kila gari linalopita. Ni mtoto wa nani? Alikuwa anasafiri kwenda wapi? Mimi naujua tu uzito alioubeba.

Dukani kwangu sasa huwezi kupata begi gumu hata ukinipigia magoti. Nauza laini peke yake, ya ndege ndogo na ya ndege kubwa. Zamani niliyaita mambea, na leo nayasifia kwa hilo hilo. Begi laini likiwa na kitu ndani utakiona kinavyosukuma kitambaa. Mzigo wako upange mwenyewe, ufunge mwenyewe, ubebe mwenyewe. Na ukikutana na mtu kwenye ukungu ana mzigo, mwombee, mwitie askari, lakini mkono wako uache mfukoni.

Ukiona nakudanganya, njoo Karatu mwezi wa saba, asubuhi, baridi ikiwa imekaza. Simama na mimi mlangoni tuongee. Wewe utatoa moshi mdomoni, mke wangu atatoa moshi, hata mbwa atatoa. Halafu tazama mdomo wangu.