Mafuta ya Mienge Kwenye Chupa za Juisi

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka huweka kikombe cha chai chini kwanza. Usinicheke. Nilikuwa msichana niliyetoka kumaliza kidato cha nne, nauza katika duka la shangazi yangu hapa Tunduma. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, na kila kilichovuka mpaka kutoka Zambia kilipata mnunuzi.

Tuliuza mienge ya bustani: fimbo ndefu ya mwanzi, juu yake kikopo chenye utambi. Watu waliichomeka uani wakiwa na sherehe. Mafuta yake yalikuja kwenye makopo yenye kifuniko cha kubonyeza ndipo ukizungushe, na ubavuni maonyo ya Kiingereza pamoja na picha ya fuvu la kichwa. Wateja wa vijiji vya Isansa na Kamsamba walilikimbia lile fuvu, wakisema ni mambo ya kichawi. Basi shangazi, mwanamke asiyekubali kupoteza mteja, akawa anayahamishia kwenye chupa za juisi ya machungwa, ile nzito ya kukoroga na maji. Rangi yenyewe ilikuwa moja. Tamaa mbele, mauti nyuma, lakini nani angemwambia shangazi?

Akaja mama mmoja kutoka kijiji cha Mpemba, njia ya Mbeya, anaandaa sherehe ya kumuaga binti yake. Alinunua mienge, mafuta na juisi. Shangazi akampakilia kikapu, mama akapanda gari akaenda zake. Baadaye nikaona chupa zake mbili zimebaki mezani. Nikafungua moja, nikanusa. Ilikuwa juisi. Kumbe mama wa watu amebeba mafuta matupu, akidhani mengine ni juisi.

Nilipomweleza shangazi, alifunga duka pale pale. Mimi nilinyakua kopo moja lenye maonyo yake, sijui kwa nini, labda woga ulitaka kitu cha kushika. Tukadandia lori lililokuwa linapandisha kuelekea Mbeya. Njia nzima niliomba Mungu, Kinamwanga cha nyumbani na Kiswahili vikichanganyika, na kila mtoto niliyemwona kando ya barabara nilimwona maiti. Niliogopa, mwanangu. Sijawahi kuogopa hivyo tena.

Tulipofika kwenye nyumba ya sherehe tulipokewa na kilio. Mjukuu wa nyumba ile, mtoto mdogo anayeanza kusema, alikuwa amejimiminia mwenyewe na kunywa. Alikohoa, macho yamemtoka. Bibi yake, yule mama aliyenunua kwetu, alikuwa amempakata, kikombe cha maji ya chumvi mkononi, ili amtapishe. Ndivyo tulivyolelewa sote: aliyekunywa sumu hutapishwa. Nikaanza kusoma lile kopo kwa sauti, Kiingereza changu cha shule kikijikwaa. Lilisema asitapishwe, awahishwe hospitali.

Kikombe kilikuwa kimeshagusa midomo ya mtoto. Bibi akanitazama.

"Una hakika, mwanangu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, bibi."

Akayamwaga maji yale chini, tukakimbia na mtoto hospitali. Daktari alisema mafuta yangerudi juu yangeingia mapafuni, na tungerudi na maiti. Hata hivyo mtoto alilazwa akipumua kwa shida, nasi tukakaa nje kwenye benchi, kila mlango ukifunguliwa tunashtuka. Asubuhi aliomba uji. Nililia kama nimefiwa.

Bibi yule hakumtukana shangazi. Alimsogelea tu, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi sijui kusoma. Lakini fuvu ningelijua. Mbona ulituficha?"

Swali hilo nimelibeba hadi leo.

Sasa wewe unafungua duka lako, ndiyo maana nimekuita. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, nasi tuliitupa tahadhari ili tuuze. Kitu kinachowaka kiache kwenye chombo chake, na kifuniko chake kigumu, hata mteja akikununia. Maonyo yakiwa ya lugha ngeni, msomee kwa lugha yake. Na akiiogopa ile picha, usimtoe woga huo. Umewekwa pale kwa ajili ya mwanawe. Mteja aliyeogopa akaenda duka la jirani hajakupunguzia kitu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe wateja wanaorudi, na kila arudiye arudi na watoto wake wote.